Yaya Anajibu: Niliacha vikao katikati, je, mimi nimeshindikana?

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba vikao vya kuzungumza na mtaalamu vinawasaidia watu wengi waliopitia vita, ubakaji, au kuuawa kwa mtu wao mbele ya macho. Barua zilizokuja baadaye karibu zote zinarudia swali moja: na sisi tulioenda tukaacha? Na sisi tuliomaliza tukabaki vilevile? Basi leo ukurasa mzima ni wenu. Majina nimeyaondoa, na mambo madogo nimeyabadilisha ili majirani wasianze kubahatisha ni nani.

BARUA YA KWANZA

Yaya, salamu. Ninauza nyanya na vitunguu katika soko la Kadutu. Tulitoka Kalehe kwa sababu ya watu wenye silaha. Usiku walipoingia kwetu walimuua mdogo wangu, mimi nikiwa chini ya kitanda na watoto. Hapa Bukavu dada mmoja wa kanisa alinipeleka kwenye nyumba ya kusikiliza. Vikao vya kwanza vilinifaa, hata usingizi ulirudi kidogo. Kisha APS, yule msaidizi wa kisaikolojia na kijamii aliyekuwa akinisikiliza, akaniomba nieleze usiku ule tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na sauti na harufu. Nilieleza. Usiku huo sikulala kabisa. Kesho yake nilimpiga mtoto wangu bila sababu. Sikurudi tena. Ananipigia simu, naiacha ilie mpaka inyamaze, naona haya. Je, mimi niko mtu wa aina isiyopona? — Mama wa Kadutu

Mama wa Kadutu, pole sana kwa mdogo wako.

Nianze na swali lako la mwisho. Hapana. Ulichofanya ndicho ugonjwa huu unachomfanyisha mtu. Mwenye majeraha ya namna hii hukwepa. Hukwepa njia fulani, hukwepa mlio wa mlango wa bati, hukwepa kutaja jina la marehemu, na siku ikifika hukwepa hata chumba ambamo jina hilo linatajwa. Kukwepa huko ni mojawapo ya dalili ambazo daktari huzitafuta kabla ya kusema kwamba hii ni trauma, yaani jeraha la moyo linaloachwa na tukio baya. Kwa hiyo mgonjwa anayekimbia matibabu yake anaumwa kilekile alichokuja kutibiwa. Mimi hukasirika nikiona faili imeandikwa "ameacha kwa kukosa ushirikiano". Nani angeandika kwenye faili ya malaria kwamba mgonjwa ametetemeka kwa kukosa ushirikiano?

Lawama, kama ipo, naipeleka kwa aliyekuhudumia, ingawa simjui na huenda ana moyo mzuri sana. Alipaswa kukwambia mapema: leo tutaugusa usiku ule, na inawezekana siku mbili tatu ukaota vibaya, ukawa na hasira za haraka, ukakosa hamu ya kula. Alipaswa kuuliza jioni ile nani atakuwa nyumbani na nani atawashika watoto. Alipaswa kubakiza muda mwishoni mwa kikao, mkaongea habari za soko, ukanywa maji, ukaangalia dirishani, mpaka miguu yako ijue kwamba iko Bukavu. Kutokana na barua yako, naona ulitoka mlangoni ukiwa bado chini ya kile kitanda cha Kalehe, kisha ukapanda kilima cha Kadutu peke yako na beseni la nyanya.

Maumivu hayo ya baada ya kusimulia yamechunguzwa. Edna Foa, mwanasaikolojia wa Marekani aliyejenga mojawapo ya njia hizi za kukirudia kisa kwa sauti, alichapisha mwaka 2002 pamoja na wenzake utafiti juu ya jambo hilohilo. Waligundua kwamba wanapoanza kusimulia, ni wachache tu ambao dalili zao huongezeka, tena kwa muda. Na wale wachache hawakuacha matibabu kuliko wenzao. Mwishoni walipata nafuu sawa na wengine. Sasa angalia tofauti. Katika njia ya Foa, mgonjwa huelezwa kwanza kwa nini anaombwa kusimulia, na husimulia mara nyingi, kikao baada ya kikao, mpaka kisa kipungue ukali. Wewe ulisimulia mara moja ukabaki pale ambapo panauma zaidi. Ndiyo maana nakusihi usipime matibabu yote kwa usiku ule mmoja.

Kuna jambo jingine, na hili watu wa kwetu wanapaswa kulijua kuliko mtu yeyote, maana lilifanyika huku huku. Mwaka 2013 jarida la madaktari New England Journal of Medicine lilitoa matokeo ya utafiti wa vijiji 16 mashariki mwa Kongo. Walishiriki wanawake waliobakwa, na wengi wao hawakusoma shule. Baadhi ya vijiji vilipata tiba ya vikundi, vingine vilipata msaada wa APS wa mtu mmoja mmoja. Miezi sita baada ya matibabu, wenye dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa asilimia 9 upande wa vikundi, na asilimia 42 upande wa pili. Kwa trauma matokeo yalifanana. Tiba iliyotumika ilitungwa na Patricia Resick, na waliitumia kwa namna ambayo haimlazimishi mtu kusimulia kisa chake chote. Kazi ilikuwa juu ya mawazo yaliyoganda baada ya tukio: ni kosa langu, mimi si mtu tena, hakuna mwanadamu wa kuaminiwa. Wazo linawekwa mezani, wote mnaliuliza maswali: una hakika gani? Ungemwambia hivyo dada yako?

Wewe wazo lako hukuliandika, na mimi sitakubandikia. Ila mama aliyewafunika watoto chini ya kitanda wakati mdogo wake anauawa, aghalabu ana sentensi moja anayojirudishia usiku. Kama unayo, anza na hiyo. Kisa chenyewe kinaweza kusubiri, au kisije kabisa.

Simu ikilia tena, pokea. Ukishindwa kuongea, mwandikie ujumbe: "Nilishindwa baada ya siku ile. Nataka kurudi, lakini tuanze pole pole, na siku za kueleza ziwe siku ambazo shangazi yangu yuko nyumbani." APS mzuri atakushukuru kwa ujumbe huo. Akikugombeza, tafuta mwingine bila kuona haya. Na mtoto uliyempiga mwambie wazi kwamba siku ile mama alikuwa anaumwa, yeye hakukosa kitu. Watoto huhifadhi mambo hayo kwa miaka.

BARUA YA PILI

Yaya, bibi yangu, yaani mke wangu, alifuata vikao vyote 12, hata walipigwa picha ya mwisho. Hadi leo anaruka akisikia pikipiki, analala na viatu miguuni, hataki nimguse. Mgongo na tumbo la chini vinamuuma kila siku. Ananunua Valium kwenye farmasi ndipo alale. Kila akirudi nilikuwa namuuliza alisema nini huko, anakataa kuniambia. Mimi naona tulipoteza muda na pesa ya pikipiki. Nimwambie aache? — Papa wa Bagira

Papa, amekwisha maliza, hakuna tena cha kuacha. Lakini nimekuelewa.

Tusidanganyane: kuna watu wanaofuata kila kikao na hawaponi. Hata kwenye nchi yenye wataalamu kila kona na umeme usiokatika, ni hivyo. Mwaka 2015 jarida JAMA lilichapisha mapitio ya tafiti za wanajeshi na wanajeshi wastaafu wa Marekani waliopewa tiba hizi zinazosifiwa. Karibu nusu au zaidi walipata nafuu inayoonekana, ila takriban theluthi mbili walibaki na ugonjwa wenyewe baada ya matibabu. Wengi walitoka wamepungukiwa na mzigo, si wamepona. Mradi wenye picha ya mwisho hausemi hivyo, kwa sababu picha ya mwisho inatakiwa kwenye ripoti.

Kwa hiyo mimi siulizi kama bibi yako "amefaulu". Nauliza kilichobaki ni kitu gani.

Chukua viatu. Unaviandika kama dalili. Papa, tangu mji wetu ulipoingiwa na wenye silaha Februari 2025, mimi nawafahamu watu wenye akili zao timamu wanaolala na viatu, na kitambulisho ndani ya soksi. Hakuna tiba ya kumwondolea mtu hofu ya jambo ambalo bado linawezekana. Wanawake wa vile vijiji 16 nao hawakuwa na amani. Vita na wizi wa wenye silaha viliendelea wakati utafiti ukifanyika, na bado walipata nafuu. Ila nafuu yao haikuwa kusahau hatari. Ilikuwa kutofautisha. Pikipiki ya jirani anayerudi kazini saa moja jioni si pikipiki ya usiku ule. Kazi hiyo ya kutofautisha inaweza kuendelea hata sasa, na wewe unaweza kumsaidia kuliko APS. Ukirudi usiku, mpigie simu kabla hujafika. Gonga mlango kwa namna moja tu mliyokubaliana. Mambo ya bure kabisa.

Maumivu ya mgongo na tumbo la chini yananisumbua mimi zaidi ya viatu. Amepimwa? Mwili unaouma kila siku humrudisha mtu kwenye tukio kila siku, na hapo maneno hayatoshi. Daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, na kwa miaka mingi kazi ya pale imekuwa kuunganisha upasuaji, msaada wa moyo, sheria na maisha ya uchumi mahali pamoja. Nobel ya Amani ya 2018 ilipokuja watu wengi waliongelea upasuaji, lakini mimi naona akili kubwa iko kwenye kule kuunganisha. Mpeleke akapimwe na daktari, aeleze maumivu yalianza lini. Kama aliwahi kupigwa kichwani na kitako cha bunduki, aseme na hilo pia, kwa sababu kuna kusahau na hasira ambazo chanzo chake ni kichwa kilichoumizwa, na vikao vya maneno peke yake havitagusa hapo.

Je, kuna mtu aliyepotea katika familia yake, ambaye hamkumzika? Hukusema, nauliza tu. Msiba usio na kaburi unaweza kurefuka ukawa ugonjwa tofauti na trauma. Tangu Januari 2022 orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inautaja peke yake, kama msiba unaorefuka. Nimeona wanawake waliotibiwa hofu kwa miezi, kumbe kilichowaua ni kusubiri mtu.

Kuhusu Valium, nitakuwa mkali. Dawa za jamii hiyo zinaleta usingizi na mazoea, hazitibu trauma, na mtu aliyelewa dawa hajifunzi chochote kwenye kikao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 uliwaambia wahudumu wasiwape watu waliopatwa na tukio baya dawa hizo kwa ajili ya dalili za msongo katika mwezi wa kwanza. Farmasi za kwetu zinauza kama pipi. Lakini usimnyang'anye usiku wa leo! Aliyezizoea akiziacha ghafla anaweza hata kupata degedege. Zipunguzwe hatua kwa hatua na daktari au muuguzi anayejua kazi hiyo.

Sasa wewe. Kumuuliza kila siku alisema nini huko ni kumfanya afanye kikao cha pili jioni, bila mtaalamu, mbele ya mtu anayeogopa kumuumiza. Kuna mambo ambayo mwanamke hawezi kuyasema kikaoni akijua ataulizwa akifika nyumbani. Huenda hiyo ni sehemu ya sababu iliyofanya vikao 12 vipite juu juu. Achana na swali hilo. Na usimguse kwa nguvu wala kwa kununa. Nenda naye kwa mtaalamu mara moja, mkae watatu, yeye achague atakalokwambia. Waume wengi wa Bukavu wanakataa kwenda, wanasema wao si wagonjwa. Wewe umeandika barua, kwa hiyo nina matumaini nawe.

BARUA YA TATU

Nilichukuliwa msituni nikiwa na miaka 13, nikatoka nikiwa na 17. Nilipelekwa kwa msikilizaji. Siku zote alikuwa ananiuliza walinifanya nini. Hakuniuliza mimi nilifanya nini. Siku moja nilianza kusema mwenyewe, uso wake ukabadilika, akaniambia "hilo halikuwa kosa lako" kabla sijamaliza. Sikurudi. — Kijana wa Nyamugo

Kijana wangu, uliondoka kwa haki.

Alitaka kukufariji, najua. Lakini faraja inayokuja kabla ya kusikia inafunga mlango. Mtu akikwambia si kosa lako hali hajui ulifanya nini, unatoka pale ukijua kwamba akijua atakukimbia. Uso wake ulikuwa umekwisha kukwambia.

Kuna watu wengi kama wewe ambao matibabu ya kawaida hayawafai, kwa sababu yametengenezwa kwa ajili ya hofu tu. Wewe huenda una hofu, una aibu, una hatia, na pengine kuna siku kule msituni ulijisikia mwenye nguvu na hilo ndilo linalokutisha zaidi kulikumbuka. Nimelisikia hilo kwa vijana wengi, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliofanya kazi na wapiganaji wa zamani pale Goma, walilichukulia jambo hilo kwa uzito. Wana njia ya kutandaza kamba chini, ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Unaweka maua mahali pa mambo mazuri, mawe mahali pa mambo yaliyokuumiza. Kwa wapiganaji wakaongeza vijiti, kwa yale ambayo mtu mwenyewe aliwafanyia wengine. Kisha kisa kinasimuliwa kwa mfuatano, jiwe kwa jiwe na kijiti kwa kijiti, na msikilizaji anatakiwa avumilie kusikia yote. Mimi napenda vile vijiti. Vinamwambia kijana tangu mwanzo kwamba mambo hayo yana nafasi kwenye kamba.

Nikwambie namna ya kumpima msikilizaji mpya. Kikao cha kwanza, kabla hujataja mtu wala kijiji, muulize mambo mawili: siri zangu zinaishia wapi, na ni kitu gani utalazimika kumwambia mtu mwingine? Kisha mwambie: "Nina mambo niliyotendewa na mambo niliyotenda. Unaweza kusikia yote mawili?" Akisita, mshukuru, omba akuelekeze kwa mwenzake. Mji huu una wanaoweza. Na ulikuwa na miaka 13. Hilo nalisema baada ya kukusikia, si kabla, na wala halifuti unachotaka kukisema.

BARUA YA NNE

Yaya, mimi ni APS katika eneo la Walungu. Nilianzisha kikundi mwezi wa Septemba na mama 12, sasa nimebaki na 5. Msimamizi anataka namba, ananiambia sijui kazi. Ninakosea wapi? — Mwenzako

Mwenzangu, Septemba! Hiyo ndiyo mvua ya kwanza. Mama wa Walungu anapanda maharagwe, na asipopanda wiki ile watoto watakula nini Januari? Ulishindana na shamba, shamba likashinda, kama inavyotakiwa. Kabla ya kuanzisha kikundi kingine waulize wenyewe siku, saa na mwezi, na usiweke kikao siku ya soko.

Namba za msimamizi nazo zipimwe. Katika tafiti za dunia nzima, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano au sita huacha tiba ya trauma, na hizo ni tafiti zenye magari, simu na nauli. Wewe umepoteza zaidi, kweli, ila na mazingira yako ni magumu zaidi.

Halafu fanya kitu ambacho wachache wanakifanya: wafuate wale 7. Usiende na gari lenye nembo, maana gari likisimama mbele ya nyumba kijiji kizima kinajua mama huyo alitendwa nini. Nenda kwa miguu, au kutana naye njiani. Uliza kwa upole. Nakuhakikishia utapata sababu ambazo hazipo kwenye fomu yako. Mmoja alikaa kikundini karibu na wifi yake, akaogopa maneno kufika kwa mama mkwe. Mmoja bwana yake alisema anaenda kutafuta sabuni ya mradi. Mmoja alikuwa anatazamia mbuzi, akaona ni maneno tu, na mimi simlaumu, mwenye njaa huanza na njaa.

Na mmoja au wawili watakwambia waliacha kwa sababu wanalala vizuri sasa. Usicheke. Watafiti wa Marekani waliowapima watu walioacha tiba kabla ya mwisho waligundua kwamba si wachache kati yao walikuwa wamekwisha kupata nafuu kubwa. Waliona yatosha wakarudi kwenye shughuli zao. Kwenye daftari la msimamizi hao wameandikwa sawa na waliokimbia. Tengeneza safu mbili kwenye daftari lako, na umwonyeshe.

Uliandika "anataka namba, ananiambia sijui kazi". Wewe mwenyewe unasikilizwa na nani? APS anayesikia visa vya kubakwa kutwa nzima na jioni anagombezwa juu ya namba huanza kukimbia bila kujijua: anafupisha vikao, anakata maneno ya mtu, anafurahi mvua ikizuia kikundi. Wagonjwa wananusa. Tafuteni APS wawili watatu wa jirani, mkutane, msikilizane. Msimwalike msimamizi.

BARUA YA TANO

Mchungaji wetu anasema anayekwenda kwa psy, mtaalamu wa vikao, hana imani, niache. — Dada wa Panzi

Dada, endelea na maombi, endelea na vikao. Muulize mchungaji kwa heshima kama mwenye jino bovu naye akae nyumbani. Kama kwenye chumba cha maombi wanakunyima chakula siku nyingi, wanakupiga au kukufunga ili pepo litoke, ondoka leo.

BARUA YA SITA

Yaya, mimi sikuacha. Mradi ndio uliniacha. Siku moja nilifika nikakuta mlango umefungwa, mlinzi akasema pesa za Marekani zimekatwa, wote wamerudi kwao. Nilikuwa katikati. Nianze wapi, na nitasema nini? Sina nguvu za kueleza upya kwa mtu mgeni. — Mama wa Cahi

Mama, barua hii ndiyo iliyoniuma zaidi. Mwaka 2025 miradi mingi ilifungwa namna hiyo, na sijaona ripoti inayowahesabu watu kama wewe miongoni mwa "walioacha". Kumwanzisha mtu kufungua jeraha bila kujua nani atamaliza ni jambo baya, hata kama pesa zilikatwa mbali na hapa.

Huhitaji kueleza upya. Nenda kituo cha afya cha mtaa wako, omba kuonana na muuguzi mkuu au APS, kwa sababu vituo vingi vina mtu aliyefundishwa hata mradi ukifungwa. Sema hivi tu: "Nilikuwa kwenye vikao vya trauma. Tulifika katikati, pakafungwa. Kisa changu sitakieleza leo. Ninachotaka ni kulala, na kujua nani ataendelea nami." Akitaka kukuchimba siku ya kwanza, rudia sentensi ya tatu. Kama yule APS wa zamani yuko bado mjini na una namba yake, mpigie umuulize daftari zilikwenda wapi. Wengi wao wanaishi hapahapa, hawana kazi, na wanawakumbuka watu wao.

Ukiona hulali kabisa, unasikia sauti, huwezi kula, au mawazo ya kujiua yanakuja, usisubiri zamu ya kituo. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani siku hiyohiyo, akupeleke SOSAME, kituo cha afya ya akili cha Mabruda wa Karita, au hospitali iliyo karibu. Huko watakuuliza dawa unazotumia, kwa hiyo beba pakiti zote, hata zile za farmasi ya barabarani.